Kituo cha Tazara katika Kamusi Elezo

Ni rahisi mno kuandika makala ya kamusi elezo kuhusu kituo cha reli cha Tazara, Dar es Salaam. Mwandishi anaeleza kwamba hapo ndipo inapoanzia reli ya kilomita 1,860 inayokwenda hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, kwamba ilijengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975 enzi za Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda, na kwamba wengi huiita Reli ya Uhuru. Anaweka picha ya jengo, anafunga. Uongo haumo. Ila msomaji aliyekuja kutafuta kituo ameondoka na muhtasari wa reli.

Kosa hilo limezoeleka kiasi kwamba mhakiki wa makala ya namna hii anapaswa kulitafuta kabla ya jingine lolote. Aichukue rasimu, afute kila sentensi ambayo ingeweza kuhamishiwa kwenye makala ya reli bila kupungukiwa maana, kisha aangalie kilichosalia. Ikisalia mistari miwili na picha, basi makala ya kituo haijaandikwa bado, hata kama rasimu ilikuwa na kurasa tatu.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu najua nani anasoma. Wikipedia ya Kiswahili, inayojitambulisha kama kamusi elezo huru, ilianza mwaka 2003 na imejengwa na watu wa kujitolea. Makala zake nyingi ni fupi, na wenyewe kwa uaminifu huziita mbegu. Mwanafunzi wa shule ya Kibasila anayepewa kazi ya kuandika juu ya eneo lake atafungua simu na kusoma mbegu hiyo kwanza, pengine hiyo peke yake. Anapita mbele ya kituo kila wiki akitoka Yombo au Tandika. Makala ikimweleza tu idadi ya madaraja yaliyoko kati ya Mlimba na Makambako, itakuwa imemfundisha kwamba historia iko mbali, na kwamba pale anapoishi hapakutokea kitu.

Tuanze na mahali, maana hata hapo rasimu huweza kuteleza. Kituo kiko kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela, upande wa Temeke, kiasi cha kilomita 5 kutoka katikati ya jiji. Ng'ambo ya barabara, Buguruni na Vingunguti ni Ilala. Barabara ya Nyerere yenyewe zamani iliitwa Barabara ya Pugu, na mtu akisoma gazeti la miaka ya 1970 atakuta jina hilo la kale. Kamusi elezo ikikaa kimya, msomaji huyo hatajua kwamba anasoma habari za mahali palepale. Mipaka ya utawala nayo imebadilika. Dar es Salaam ilikuwa na wilaya tatu, yaani Kinondoni, Ilala na Temeke, hadi zilipoongezwa Ubungo na Kigamboni. Temeke imepungua kwa upande wa bahari, lakini kituo kimebaki ndani yake.

Kwa nini kikawekwa huku na si mjini, kando ya stesheni ya zamani? Swali hili ndilo linalotenganisha makala na tangazo. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Stesheni yake ikakaa karibu kabisa na bandari, mahali ambapo mji uliizunguka mara moja. Miaka sitini baadaye reli mpya ilihitaji uwanja mpana wa kupangia mabehewa, karakana, na njia ya kuelekea bandarini kupitia Kurasini. Eneo la Barabara ya Pugu lilikuwa pembezoni, lilikuwa na viwanda, na lilikuwa na ardhi. Jiji ndilo lililokuja kukikuta kituo, likakipita, likaendelea hadi Gongo la Mboto na Chanika.

Hapo linakuja jambo ambalo makala yoyote ya haki haiwezi kulikwepa: Dar es Salaam ina vituo vikuu vitatu vya treni za masafa, na havikutani. Ipo Stesheni ya Reli ya Kati, yenye njia ya upana wa milimita 1,000. Kipo kituo cha Tazara, chenye njia ya milimita 1,067. Na tangu mwaka 2024 ipo stesheni mpya ya treni ya umeme iliyopewa jina la Rais Magufuli, yenye njia ya milimita 1,435. Safari zake zilianza Juni mwaka huo kwenda Morogoro, na Julai zikafika Dodoma. Upana wa aina tatu katika jiji moja. Abiria anayeshuka Tazara akitokea Mbeya na anataka kuwahi treni ya umeme ya Dodoma lazima atoke nje na mizigo yake, atafute daladala, bajaji au bodaboda, aende mjini. Makala ikiandika kwamba "Dar es Salaam imeunganishwa kwa reli na Zambia, Kigoma na Dodoma" imesema kweli kwa kila mji peke yake, na imempotosha msafiri anayedhani ataunganisha safari hizo mahali pamoja.

Upana wa njia ni jambo ambalo waandishi hulitupa kwenye kisanduku cha takwimu pembeni, na wasomaji hulipita. Lakini ndilo linaloeleza mengi yanayotokea kwenye jukwaa la kituo. Milimita 1,067 ndio upana wa reli za Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Ndiyo sababu treni ya kifahari ya Rovos Rail, inayoondoka Cape Town, inaweza kuvuka nusu ya bara na kuishia Temeke bila abiria kubadili behewa, ilhali behewa la Tazara haliwezi kuingia Stesheni iliyo kilomita chache tu mbele. Ndiyo sababu pia Kidatu, mkoani Morogoro, ikawa mahali pa kuhamishia mizigo kutoka reli moja kwenda nyingine. Mwandishi akiunganisha namba hiyo na maisha ya kituo, ameshaandika aya moja inayostahili kusomwa. Akiiacha kwenye kisanduku, amehifadhi namba tu.

Sasa tarehe. Mhakiki ataona rasimu moja ikisema kituo kilifunguliwa 1975 na nyingine ikisema 1976, na atashawishika kuchagua moja na kuisahihisha nyingine. Asifanye hivyo kabla ya kuuliza ni kitu gani kinachohesabiwa. Makubaliano ya serikali tatu yalitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Utandikaji wa reli ulikamilika katikati ya 1975, na treni za majaribio zikaanza kupita njia nzima Oktoba mwaka huo. Makabidhiano rasmi kwa Tanzania na Zambia yalikuwa tarehe 14 Julai 1976. Zote ni tarehe za kweli za matukio tofauti. Na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo, kwa yenyewe, ni tarehe ya kuanza kutumika kwa ukumbi wa abiria wa Dar es Salaam. Hiyo inahitaji chanzo chake. Kuiazima tarehe ya reli na kuivisha kituo ni tabia ambayo mhakiki anapaswa kuikataa hata kama mwandishi ana haraka, kwa sababu ikishaingia kwenye kamusi elezo itanakiliwa na magazeti, kisha kamusi elezo nyingine itayataja magazeti hayo kama ushahidi.

Suala la fedha ni gumu zaidi, na ndipo kigezo cha kutoegemea upande kinapopimwa. Mitaani utasikia kwamba Wachina walitujengea bure. Upande mwingine yapo maandishi ya kigeni ya wakati ule yaliyouona mradi mzima kama ujanja wa kisiasa wa China usio na faida ya kiuchumi. Rasimu iliyoandikwa kwa mapenzi itachukua la kwanza. Iliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine huenda ikabeba la pili bila kujua. Ukweli uko wazi vya kutosha kuandikwa bila mapambo. Ulikuwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, wa kulipwa kwa miaka 30. Sehemu ya gharama za ndani, ikiwemo mishahara, ililipwa kwa njia ambayo vijana wa leo hawaijui: bidhaa za Kichina ziliingizwa na kuuzwa madukani Tanzania na Zambia, na mauzo hayo yakagharimia ujenzi. Kwa hiyo mkazi wa Temeke aliyenunua bidhaa hizo miaka ile alikuwa, kwa namna fulani, analipia reli. Sijui sentensi inayofaa zaidi kuwekwa katika makala ya kituo kilichoko Temeke.

Na sababu ya mkopo wenyewe lazima itajwe kwa usawa. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikwishaukataa mradi kwa hoja kwamba haungelipa. Kisha tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia, iliyokuwa ikipita kusini kwenda baharini, ikajikuta mikononi mwa utawala ambao Zambia haikuutambua. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, malori yakapita katika barabara mbovu yenye hatari kuu, na reli ikawa ndiyo tegemeo la kudumu. Mwandishi hahitaji kuongeza neno la sifa. Mambo haya yakipangwa kwa utaratibu wake, msomaji ataelewa kwa nini nchi mbili maskini ziliamua kujenga kitu ambacho wenye fedha walikikataa. Nami naamini waliamua sawasawa, lakini imani yangu haina nafasi kwenye makala ya kamusi elezo. Nafasi yake ni hapa.

Wapo pia waliokufa. Ujenzi ulichukua maisha ya wafanyakazi zaidi ya 160, miongoni mwao Wachina zaidi ya 60. Gongo la Mboto kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina, na viongozi wa China wanaozuru Tanzania huenda kuweka mashada huko. Rais Xi Jinping alikwenda mwaka 2013. Je, habari hii ni ya makala ya kituo? Nadhani inastahili sentensi moja na kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye makala nyingine. Mhakiki aangalie hesabu kwa makini, kwa kuwa idadi ya makaburi na idadi ya waliokufa kwenye reli si kitu kimoja: pale wamezikwa pia wataalamu waliokuja nchini kwa kazi nyingine. Na aangalie kama waliobaki, yaani Watanzania na Wazambia ambao ndio wengi wa waliokufa, wametajwa kabla au baada ya wageni, au hawakutajwa kabisa. Mpangilio huo nao ni aina ya kuegemea upande.

Jengo lenyewe huelezwa kwa neno moja: kubwa. Ni kweli ni kubwa, lakini neno hilo halisaidii. Ni jengo la zege la mtindo wa China ya miaka ya 1970, lenye uso mrefu wa nguzo zinazopanda juu, uwanja mpana mbele, na ukumbi wa kusubiria wenye dari ya juu ambao ulikusudiwa watu wengi kuliko wanaouingia siku za kawaida. Kituo cha New Kapiri Mposhi, upande wa pili wa njia, ni cha ukoo huohuo, na mtu aliyeziona ncha zote mbili huutambua mkono wa wabunifu walewale. Makala nzuri ingeeleza abiria wanaingilia wapi, majukwaa yako upande gani, mizigo inapimwa wapi, ofisi kuu za Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia ziko umbali gani na ukumbi. Haya yote yanaonekana kwa macho, lakini katika kamusi elezo jicho la mwandishi peke yake halitoshi. Ramani, michoro na ripoti zilizochapishwa ndizo zinazobeba uzito. Picha nayo isiwe ile ya uso wa jengo peke yake, iliyopigwa saa ambayo hakuna mtu. Kwa ruhusa ya uongozi, ipatikane ya jukwaani siku ya treni.

Siku ya treni ndiyo inayoonyesha kituo ni cha nani. Kwa miaka mingi treni za abiria za masafa zimekuwa mbili kwa wiki: Mukuba, ambayo ni ya haraka na imeitwa kwa neno la Kibemba la shaba, na Kilimanjaro, treni ya kawaida inayosimama karibu kila mahali. Maandishi mengi ya kigeni kuhusu kituo hiki yameandikwa na wasafiri waliopanda mara moja. Wanaeleza tembo na twiga wanaoonekana dirishani treni inapokatiza Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wanaeleza ucheleweshaji, chakula cha behewa la mgahawa, na machweo. Ni haki yao. Shida inaanza maandishi hayo yanapokuwa ndiyo vyanzo pekee vya makala, maana kituo kinageuka kuwa mlango wa utalii tu.

Mwanahistoria Jamie Monson aliandika kitabu, Africa's Freedom Railway, kilichotoka 2009, na ndani yake hakuanza na shaba wala marais. Alifuata watu wa bonde la Kilombero waliohamia kando ya reli, waliolima mpunga na ndizi kwa sababu treni ilikuwepo, na wafanyabiashara wadogo waliopeleka mazao yao kituo hadi kituo. Alizipekua hata stakabadhi za vifurushi. Alionyesha kwamba treni ya kawaida, ambayo kwa mtazamo wa hesabu za shirika ni mzigo, ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa maisha ya vijiji kati ya Kidatu na Makambako. Sasa magunia hayo ya mchele yana mwisho wake. Yanashushwa mahali. Yanapakiwa kwenye mkokoteni au Kirikuu na kwenda sokoni. Kituo cha Tazara ni sehemu ya mnyororo wa chakula wa jiji, na makala isiyotaja mchele wa Ifakara imeacha kazi ya kila wiki ya kituo kwa ajili ya sherehe ya mara moja.

Mwaka 2012 kituo kilipata kazi nyingine. Tarehe 29 Oktoba ilizinduliwa huduma ya treni za ndani ya jiji ili kupunguza foleni, na wananchi wakaiita mara moja treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Harrison Mwakyembe. Upande wa Reli ya Kati ilikwenda kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa. Upande wa Tazara ilielekea Mwakanga, ikipitia Yombo, mitaa ambayo treni ya Zambia ilikuwa ikiipita bila kusimama kwa ajili yake. Kwa mara ya kwanza tangu 1976 kituo kilimtazama mtu anayeishi nyuma yake. Mfanyakazi wa kiwandani au muuza mitumba wa soko la Karume, ambaye hakuwa na sababu ya kwenda Kapiri Mposhi, alikata tiketi. Kwa maoni yangu hili ni badiliko kubwa kuliko yote katika maisha ya kituo, na lipewe sehemu yake yenye kichwa, si nusu sentensi mwishoni. Jina la kiserikali na jina la mtaani yote yatajwe. Jina la mtaani ndilo litakaloandikwa na mtu anayetafuta.

Nje ya geti kuna makutano. Kwa miaka, foleni ya Tazara ilikuwa kero inayojulikana na kila anayekwenda uwanja wa ndege. Tarehe 27 Septemba 2018 Rais Magufuli alizindua barabara ya juu iliyojengwa kwa ufadhili wa Japani, na kuipa jina la Daraja la Mfugale, kwa heshima ya mhandisi Patrick Mfugale aliyekuwa mtendaji mkuu wa wakala wa barabara, TANROADS. Baadaye zikaja kazi za awamu ya 3 ya mabasi ya mwendokasi katika Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto. Mwandishi aamue mapema mpaka wa somo lake. Konda akiita Tazara, anawaita watu kwenye makutano, na wengi wanaoshuka hapo hawaendi kwenye treni. Makala ya kituo itaje daraja kwa sababu limebadili namna ya kukifikia kituo, kisha iishie hapo. Aya tatu za uhandisi wa daraja ni dalili kwamba mwandishi amekosa habari za kituo na anajaza nafasi kwa za jirani.

Nimetaja vyanzo mara kadhaa, na nadhani hapa ndipo pagumu kuliko pote. Uingereza huchapisha kila mwaka makadirio ya abiria kwa kila kituo cha reli, hata kile cha kijijini kinachohudumia watu wachache, na ndiyo maana makala za vituo vyao hunenepa bila jasho. Mwandishi wa Dar es Salaam hana kitabu kama hicho cha kufungua. Ana magazeti. Uhuru, Ngurumo, The Nationalist, na Daily News tangu 1972, yaliufuata ujenzi wa reli kwa karibu, na nakala za magazeti ya miaka ile zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, katika Maktaba Kuu ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na katika mkusanyo wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo ndimo zinamostahili kutafutwa habari za kituo: lini msingi ulichimbwa, nani walihamishwa kupisha, nauli ya kwanza ilikuwa kiasi gani. Kazi hiyo haifanyiki kwa simu. Inahitaji mtu akae mezani na gazeti lililogeuka rangi, aandike tarehe na ukurasa.

Kanuni ya kamusi elezo ni kwamba kila dai lithibitike katika chanzo kilichochapishwa, na kumbukumbu ya mtu haihesabiki. Wapo wanaoiona kanuni hii kama dharau kwa jamii ambazo historia yake iko midomoni mwa wazee. Naielewa hoja yao, lakini sikubaliani na wanaotaka kanuni ilegezwe. Kumbukumbu isiyoweza kukaguliwa itamezwa na yenye sauti kubwa zaidi, na wenye sauti kubwa kwa kawaida si makuli wala mafundi. Dawa ni kuchapisha. Kijana aliyekuwa na miaka 20 ujenzi ulipoanza sasa amefika 75 na zaidi. Wapo waliosomea reli Beijing miaka ya 1970, waliosoma chuo cha reli cha Mpika, waliopanga mabehewa Yombo, waliouza tiketi dirishani. Mahojiano yao yakirekodiwa kwa utaratibu na kuchapishwa na idara ya historia, jumba la makumbusho au gazeti lenye mhariri, yanakuwa chanzo halali kesho yake asubuhi. Mtu wa kujitolea wa kamusi elezo hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake, na asilaumiwe kwa kutoifanya. Lakini anaweza kuorodhesha, katika ukurasa wa majadiliano wa makala, maswali ambayo hayana jibu lililochapishwa. Orodha hiyo ni mchango wa kweli kwa mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada.

Kigezo cha mwisho ambacho wahakiki hukitumia ni uthabiti: makala isiwe inabadilika kila siku. Kwa kituo hiki kigezo hicho kitasumbua. Reli iliyoundwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilishuka hadi tani 88,000 katika mwaka wa fedha wa 2014/15. Sababu ni nyingi na hazikuanzia kituoni: mpaka wa Zambia na Rhodesia, uliokuwa umefungwa, ulifunguliwa tena 1978, Rhodesia ikapata uhuru 1980 kwa jina la Zimbabwe, Afrika Kusini ikafunguka miaka ya 1990, na malori yakachukua mzigo uliobaki, huku vichwa vya treni vikichakaa. Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua reli. Kwa hiyo ratiba, nauli, mwendeshaji, na pengine hata mpangilio wa majukwaa, vinaweza kubadilika. Mwandishi makini atatenganisha mambo ya kudumu na ya kupita, kila jambo la kupita alitie mwaka wake, na aepuke kabisa maneno "kwa sasa" na "hivi karibuni", ambayo baada ya miaka mitano huwa mtego kwa msomaji.

Kwa mizani hii rasimu niliyoieleza mwanzoni ingerudishwa kwa mwandishi, na barua ya kuirudisha isingekuwa ndefu. Ingemwomba ahamishie historia ya reli kwenye makala yake na kubakiza aya mbili za muktadha. Aeleze vituo vitatu vya jiji na upana wa njia zake. Atenganishe tarehe tano na atafute ya sita. Aandike mkopo kama mkopo. Ampe mchuuzi wa mchele na abiria wa Mwakanga nafasi inayolingana na ya marais. Ingemwomba pia aende kituoni pamoja na mpigapicha, akiwa na ruhusa mkononi, kupiga picha za ukumbi, majukwaa, madirisha ya tiketi na mizani ya mizigo, kabla mafundi wa ukarabati hawajaanza kubomoa.